Mkate wa Kila Siku Ng'ambo ya Mji: Uhakiki wa Kitheolojia wa Riwaya ya Kuli

1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kuongoza mazishi ya hamali mmoja, Mkristo wa mtaa mdogo wa Kilutheri kisiwani Unguja. Marehemu alitoka bara akiwa kijana, akapanga chumba Ng'ambo, na kwa zaidi ya miaka 20 alivuta mkokoteni kutoka bandarini hadi soko la Darajani. Siku ile tulihubiri kutoka sura ya tano ya Waraka kwa Warumi, pale Mtume Paulo anapoonyesha jinsi dhiki inavyozaa saburi, na jinsi saburi inavyotufikisha kwenye tumaini. Tulidhani tumehubiri vema. Baada ya maziko mjane alitushika mkono, akasema kwa sauti ya chini: "Baba Mchungaji, saburi ninayo. Ninachokosa ni kodi ya chumba."

Hatukuwa na jibu. Lililotutahayarisha zaidi ni kwamba majirani zake, karibu wote Waislamu, walikwisha kutandika majamvi, kupika na kuchanga kodi ya mwezi mmoja kabla wazee wa kanisa hawajakutana kujadili kiasi cha rambirambi. Tuliporudi nyumbani tuliichukua tena riwaya ya Kuli ya Adam Shafi, ambayo tulikuwa tumeisoma zamani kama vijana wengi wa shule, tukaisoma kana kwamba ni mara ya kwanza.

Katika makala hii tunakusudia kuihakiki riwaya hiyo kwa macho ya theolojia. Yumkini baadhi ya wasomaji wa jarida hili watashangaa, kwa kuwa si desturi ya wachungaji kutafuta mafundisho katika hadithi za kubuni, tena hadithi isiyoandikwa na Mkristo wala kwa ajili ya Wakristo. Hata hivyo, dai letu ni hili: Kuli inaiita hali ya maskini kwa jina lake, jambo ambalo mahubiri yetu ya saburi yameshindwa kulifanya mara nyingi. Papo hapo, tumaini ambalo riwaya inalitoa ni la mtu mwenye nguvu ya kugoma. Mjane wa hamali hana mahali katika tumaini hilo. Tukizipima pande hizi mbili kwa uaminifu, tutaona kazi ambayo Kanisa linapaswa kuifanya, na ambayo kwa sehemu kubwa bado halijaifanya.

2. Mji na ng'ambo yake

Kabla ya kuingia katika riwaya ni vema tupajue mahali inapotokea. Jina "Ng'ambo" lenyewe lina hukumu ndani yake. Ng'ambo ni upande wa pili, nako kuwapo kwa upande wa pili kunategemea mtu amesimama wapi. Aliyeutazama mji akiwa ameketi katika nyumba za mawe aliuona upande wake kuwa ndio mji, na ule mwingine kuwa ng'ambo. Kati ya pande hizo palikuwa na mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na daraja lililouvuka ndilo lililoacha jina la Darajani. Katika karne ya 20 maji yale yalifukiwa, watu wakapita kwa miguu yao. Lakini jina halikufukiwa, wala mgawanyo ambao jina hilo lilikuwa likiutaja.

Sisi wa Kanisa tunayo kumbukumbu yetu ya mji huu. Johann Ludwig Krapf, mtu wa malezi ya Kilutheri aliyetumwa na chama cha misioni cha Kianglikana, alipita Unguja mwaka 1844 kabla ya kwenda Mombasa. Mwaka 1873 soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa, na mahali pake Waanglikana wakaanza kujenga kanisa ambalo mpaka leo wageni kutoka pande zote za dunia huja kuliona. Tunaisimulia habari hii kwa furaha, na ni haki yetu kufurahi. Lakini masimulizi yetu huishia madhabahuni. Utumwa wenyewe uliondolewa kisheria mwaka 1897, na wengi waliotoka utumwani walivuka daraja wakajenga vibanda Ng'ambo, juu ya ardhi isiyokuwa yao. Aliyekuwa mali ya mtu akawa mpangaji wa mtu. Historia ya wokovu tunayoihubiri Mkunazini haijawahi kuuliza kwa makini mtu yule aliyekombolewa alilala wapi usiku ule, na ni nani aliyemdai kodi asubuhi yake.

Msomaji na afahamu jinsi kodi hiyo ilivyokuwa. Mkazi wa Ng'ambo alijenga nyumba yake mwenyewe kwa miti, udongo na makuti; nyumba ilikuwa yake, ila kiwanja kilikuwa cha mwingine. Alilipia ardhi iliyokuwa chini ya miguu yake. Kodi za viwanja zilipopanda, watu wa Ng'ambo walikataa kulipa mwaka 1928, na wanawake walikuwa mstari wa mbele katika ukaidi huo. Mwaka huohuo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekuja mjini kutafuta riziki na kuishi Ng'ambo, alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake katika santuri. Tunayataja mambo haya mawili pamoja ili pasiwe na msomaji atakayedhani kwamba maskini wa Unguja walikuwa bubu wakingoja mwandishi wa riwaya aje kuwasemea. Walikuwa na sauti. Swali ni nani aliyekuwa akisikiliza.

Nabii Isaya, katika sura ya 65, anapoeleza mbingu mpya na nchi mpya, anataja jambo dogo la kidunia: kwamba watu watajenga nyumba na kukaa ndani yake wenyewe, wala hawatajenga akakaa mtu mwingine. Kwa mwenye nyumba juu ya kiwanja cha mwingine, aya hiyo haihitaji ufafanuzi mrefu.

3. Kisa cha Kuli

Riwaya ya Kuli ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1979. Mwandishi wake alizaliwa Unguja mwaka 1940, na alikwisha kujulikana kwa Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, ambayo ilihusu watumwa na wakulima wa mashamba. Katika Kuli aliligeuzia jicho lake tabaka la mjini: wachukuzi wa bandarini katika zama za himaya ya Waingereza.

Mhusika mkuu ni Rashidi, mtoto wa kuli. Umaskini anaurithi kama mwingine anavyorithi shamba. Baba yake anamalizwa na kazi ya bandari, naye mwana anaishia kuubeba mzigo uleule kwa mabega mapya. Kwa muda mrefu anaiona hali yake kuwa majaliwa. Mabadiliko yanaanza anapokutana na Faraji, mfanyakazi mwenzake aliyeelimika kumzidi, ambaye anamfumbua macho na kumwingiza katika umoja wa wafanyakazi. Kisa kinafikia kilele katika mgomo, nao msingi wake ni tukio la kweli: mgomo ulioanza bandarini Unguja mwezi Agosti 1948 na kuenea mjini mwezi Septemba, hata shughuli za mji zikasimama. Wengi wa wachukuzi waliouanzisha walikuwa watu wa bara, kama alivyokuwa marehemu wetu.

Neno "kuli" lenyewe limetufikia kwa bahari kutoka lugha za Bara Hindi, likaenea katika bandari zote za himaya ya Kiingereza kuwa jina la mtu anayejulikana kwa mgongo wake tu. Kwa hiyo Rashidi si wa Unguja peke yake. Anao ndugu katika mitaa ya mabanda ya Bombay, na hata theolojia imewahi kuwasikia ndugu hao. Katika miaka ya 1980 Arvind Nirmal alianza kufundisha huko India theolojia ya Wadalit, watu waliohesabiwa kuwa najisi na kusukumwa nje ya jamii, na baadaye akaiendeleza katika chuo cha theolojia cha Kilutheri cha Gurukul mjini Madras, ambao sasa unaitwa Chennai. Fundisho lake la msingi ni kwamba theolojia ya walioonewa ianze na uchungu wao wenyewe, isianze na huruma ya wanaowatazama. Adam Shafi hakuwa akiandika theolojia, lakini alianza mahali hapohapo. Bandari tunaiona kutoka chini ya gunia. Hatuioni kutoka dirisha la ofisi.

Tuliangalie pia jina la Faraji. Methali yetu husema kwamba baada ya dhiki ni faraja. Ukiisikiliza methali hiyo kwa haraka utadhani faraja huja yenyewe, kama alfajiri inavyokuja baada ya usiku, na kwamba mtu hana la kufanya ila kungoja kuche. Katika riwaya hii Faraji ni mtu. Anatembea, anajadiliana, anakosa usingizi. Iwe mwandishi alilikusudia jina hilo au la, limefanya kazi kubwa kuliko mahubiri yetu ya siku ile: limesema kwamba faraja ya maskini haina budi kuwa na mikono na miguu.

4. Kukiita kitu kwa jina lake

Katika Mdahalo wa Heidelberg wa mwaka 1518, Martin Luther alitofautisha aina mbili za wanatheolojia. Mwanatheolojia wa utukufu huuita ubaya wema na wema akauita ubaya. Mwanatheolojia wa msalaba hukiita kitu kama kilivyo. Tumezoea kuifundisha hoja hii darasani kama jambo la mafundisho ya kuhesabiwa haki, nalo ni jambo la mafundisho hayo hasa. Lakini ukitoka nayo darasani ukaenda nayo mazishini, inageuka kuwa kipimo cha mhubiri.

Tulimwambia mjane kwamba dhiki huzaa saburi. Paulo anasema hivyo, nasi hatumkani. Lakini Paulo aliyaandika hayo akiwa yeye mwenyewe ndani ya dhiki, akawaandikia watu walio katika imani moja naye. Sisi tuliyasema tukiwa tumeshiba, na nauli ya kurudia bara ikiwa mfukoni. Neno moja likitoka katika vinywa viwili laweza kuwa maneno mawili. Saburi ya mwenye dhiki ni nguvu. Saburi inayohubiriwa na asiye na dhiki yaweza kuwa pazia la kufunika deni. Kwa mfano wetu, mtu aliyefanya kazi miaka 20 na kufa bila akiba ya kodi ya mwezi mmoja, tuliita hali yake "majaribu". Adam Shafi angeiita ujira mdogo. Kati yetu na yeye, ni nani siku ile aliyekuwa mwanatheolojia wa msalaba?

Wala tusidhani kwamba kutaja ujira ni kuacha Injili na kuingia siasa. Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anasema kwamba ujira wa vibarua uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana. Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, anapoieleza amri ya saba haishii kwa mwizi anayevunja mlango usiku. Anawataja wezi walioketi katika viti vikubwa, wanaoitwa mabwana na raia wema, huku wakipora kwa sura ya haki. Msomaji wa Kuli atawatambua mara moja. Na katika Katekisimo Ndogo ya mwaka huohuo, ombi la nne la Sala ya Bwana linafafanuliwa kwa namna ambayo kila mtoto wa kipaimara hukariri: mkate wa kila siku ni chakula na kinywaji, mavazi na viatu, nyumba na shamba, fedha na mali, serikali njema, amani na afya. Tumewafundisha watoto wetu kwamba nyumba imo ndani ya mkate wa kila siku. Kisha tukaja mazishini tukashangaa mjane anapotaja kodi.

5. Upungufu wa riwaya

Baada ya kuisifu riwaya hatuna budi kuihukumu pia, kwa maana mhakiki anayesifu tu hamheshimu mwandishi.

Kwanza, wahusika wamegawanywa katika pande mbili kwa mstari ulionyooka mno. Upande mmoja wana haki tangu mwanzo hadi mwisho, na upande wa pili hawana hata chembe. Mazungumzo ya Faraji mara nyingine yanakuwa darasa, na msomaji anahisi kwamba mwandishi ameingia mwenyewe jukwaani. Uandishi wa namna hii ulikuwa wa kawaida katika miaka ya 1970, wakati fasihi yetu ilipotakiwa kulijenga taifa la ujamaa. Lakini Luther, katika ufafanuzi uleule wa amri ya saba, pamoja na kuwakemea wakubwa anawakemea pia watumishi wavivu na vibarua wadanganyifu. Hafanyi hivyo ili kuwapatanisha mwizi mkubwa na mwizi mdogo kana kwamba makosa yao yana uzito mmoja. Anafanya hivyo kwa sababu anajua dhambi haikai katika tabaka moja. Jamii itakayoamini kwamba uovu wote umo upande wa pili itashangaa sana upande wa pili utakapoondoka na uovu ukabaki.

Historia ya Ng'ambo yenyewe inashuhudia jambo hili. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, serikali mpya ililitwaa suala la makazi kwa nia kubwa. Kwa msaada wa Ujerumani Mashariki ulitengenezwa mpango mpya wa mji mwaka 1968, nyumba nyingi za udongo zikabomolewa, na maghorofa marefu ya Michenzani yakainuka katikati ya Ng'ambo. Ulikuwa mfano wa tumaini lililoandikwa kwa saruji: mtoto wa kuli atakaa ghorofani kama mtoto wa bwana. Tusilidharau jambo hili. Familia nyingi zilipata humo sakafu kavu na paa lisilovuja. Lakini waliozoea kupika uani, kuzungumza barazani na kumwita jirani bila kupanda ngazi walipewa nyumba ambayo haikuuliza walivyokuwa wakiishi. Na mji haukuacha kukua. Pembezoni mwa ule mpango mzuri watu waliendelea kujijengea pasipo mpango.

Pili, na hili ndilo kubwa, tumaini la Kuli ni la mtu mwenye kazi. Mgomo ni silaha ya yule ambaye akiukunja mkono wake bandari inasimama. Asiye na kazi hana cha kugomea. Mzee, mgonjwa na mjane wanaingia katika riwaya kama ushahidi wa uonevu; hawaingii kama watu wenye tumaini lao wenyewe. Leo tatizo hili limezidi. Kwa sensa ya mwaka 2022 Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773, na karibu nusu yao waliishi Mkoa wa Mjini Magharibi. Katika uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2019/20, asilimia 25.7 ya watu wa Zanzibar walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya lazima. Wengi wa maskini hao wa mjini hawana mwajiri mmoja wanayeweza kumwendea kwa umoja wao. Wanauza maji na maandazi, wanafua nguo, wanavuta mikokoteni, wanangoja kuitwa. Mwaka 2023 visiwa hivi vilipokea watalii zaidi ya 600,000. Fedha imepita Darajani mbele ya macho yao, na kila mmoja anaigombea peke yake. Faraji angewakusanya bandari ipi?

6. Nyumba ya Mwajuma

Ni haki kusema kwamba Adam Shafi hakuishia pale. Miaka 20 baada ya Kuli alitoa Vuta N'kuvute, ambayo mwaka 2021 iligeuzwa kuwa filamu na Amil Shivji. Ndani yake bado kuna mapambano dhidi ya wakoloni, naye Denge anabeba mzigo ambao Faraji aliubeba katika riwaya ya kwanza. Lakini mlango wa kuingilia umebadilika. Tunaingia kwa njia ya Yasmin, msichana wa asili ya Kihindi aliyeozwa Raza, mwanamume mzima aliyemzidi sana umri. Anaikimbia ndoa ile, na watu wake mwenyewe wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo.

Tunaona hapa jambo ambalo Kuli haikuwa nalo. Mwajuma hana chama, hana mshahara, wala hana hoja ya kisiasa ya kumfundisha mgeni wake. Anacho chumba, naye anakigawa. Daraja lile ambalo watumwa walioachwa huru waliwahi kulivuka kwa kukosa pa kwenda, sasa linavukwa na binti wa upande wa nyumba za mawe, naye anakuta ng'ambo kile alichokikosa mjini. Mwandishi hakuliacha tumaini lake la kwanza. Amelitafutia nyumba ya kukaa. Mapambano yasiyo na chumba cha Mwajuma humwacha nje aliyechoka, na chumba cha Mwajuma pasipo mapambano kitadaiwa kodi mwisho wa mwezi.

Lugha yetu inatusaidia kulielewa jambo hili. Kwa Kiswahili neno "imani" lina maana mbili ambazo lugha nyingi za wanatheolojia huzitenganisha. Kuwa na imani ni kumwamini Mungu. Lakini tunaposema "yule mtu ana imani", mara nyingi tunamaanisha kwamba ana huruma, hawezi kumwona mwenzake akiteseka akapita. Sisi Walutheri tumeitetea maana ya kwanza kwa miaka 500, na tutaendelea kuitetea, kwa kuwa mwanadamu hahesabiwi haki kwa matendo. Lakini Luther hakufundisha kamwe kwamba imani hai yaweza kukaa bila kumtumikia jirani. Watu wa Ng'ambo, wanapozitamka maana zote mbili kwa neno moja, wameyashika mafundisho hayo pengine kuliko sisi tunaoyafanyia mitihani.

7. Wajibu wetu

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, tungependa kuweka mbele ya wasomaji mambo matatu.

La kwanza linahusu mimbara. Kabla ya kuhubiri saburi, mhubiri ajiulize anayemhubiria anadaiwa nini, na nani, na kama deni hilo ni la haki. Akishajua, aliseme. Si kila mahubiri yataje kodi; lakini mahubiri yasiyoweza kuitaja hata mbele ya mjane asiye na chumba yanamhusu mtu mwingine, asiyekuwapo pale.

La pili linahusu sanduku la sadaka. Mwaka 1523 Luther aliandika dibaji ya taratibu za mji wa Leisnig, ambao Wakristo wake walianzisha sanduku la pamoja kwa ajili ya yatima, wazee, wagonjwa na mafundi walioanguka katika shida. Sanduku lile lilikuwa la usharika, si fadhila ya mtu mmoja tajiri, na maskini walisaidiwa humo kwa utaratibu unaojulikana. Sharika zetu nyingi zina kamati ya ujenzi inayokutana kila mwezi na kamati ya diakonia inayokutana panapotokea msiba. Tunayasema haya tukijihukumu wenyewe, kwa maana wazee waliochelewa siku ile walikuwa wakiningojea sisi wachungaji tuitishe kikao.

La tatu linahusu vyuo vyetu. Mwanafunzi anayesoma ufafanuzi wa Warumi apewe pia Kuli na Vuta N'kuvute. Mwalimu wake amtake aeleze pale ambapo riwaya inamhukumu mhubiri na pale ambapo Injili inaihukumu riwaya. Kazi zote mbili ni za lazima. Anayeifanya ya kwanza peke yake atabaki na mgomo, na siku mgomo utakaposhindwa hatakuwa na neno. Anayeifanya ya pili peke yake atabaki na neno ambalo halijamgusa mtu.

8. Hitimisho

Tulirudi kwa yule mjane baada ya miezi miwili. Kanisa lilikuwa limetoa mchango wake, mdogo na uliochelewa. Tulimkuta bado katika chumba kilekile, kwa kuwa majirani walikuwa wamelipa mwezi wa pili pia, naye alikuwa ameanza kukaanga samaki jioni mbele ya baraza la jirani aliyempa nafasi bila kumtoza. Tulipomwuliza ni nini kilichomtia nguvu, hakutaja mahubiri yetu. Alisema kwamba kila usiku aliisali Sala ya Bwana, na kila asubuhi palikuwa na mtu aliyebisha hodi.

Tuliifungua tena Katekisimo Ndogo usiku ule, tukasoma ombi la nne hadi mwisho, mahali ambapo kwa haraka za darasani huwa hatufiki. Baada ya chakula, mavazi na nyumba, baada ya serikali njema na amani, Luther anafunga orodha yake ya mkate wa kila siku kwa kutaja marafiki wema na majirani waaminifu. Hakuandika majirani hao wawe wa dini gani. Mjane alikuwa ameomba mkate, na Mungu alikwisha kumjibu kabla hatujapanda boti kwenda kumhubiria. Sisi ndio tuliokuwa hatujaitambua sahani uliomo. Lakini kodi ya mwezi wa tatu ilikuwa bado kulipwa, na mwenye nyumba alikuwa ameipandisha.